Sura ya Tano: Chuma cha Itungi, Vyungu vya Ikombe

Mwaka 1893 meli ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilianza safari zake katika Ziwa Nyasa. Haikuundwa ziwani. Ilitoka Ujerumani ikiwa vipande, ikapandishwa kwa mito ya Zambezi na Shire, na pale maporomoko yalipofunga njia vipande vilibebwa na watu. Miaka minane baadaye wamisionari wa Kianglikana waliishusha majini Chauncy Maples, iliyotengenezwa Glasgow na kuletwa ikiwa vipande 3,481. Ndivyo chuma kilivyofika kwenye ziwa hili. Akili iliyokichora na mikono iliyokikata vilibaki Ulaya, na sehemu aliyopewa mwenyeji ilikuwa kubeba.

Ndiyo maana naamini kazi iliyofanyika Itungi, wilayani Kyela, inastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya ilivyotazamwa katika taarifa za habari. Kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza iliunda hapohapo ufukweni meli mbili za mizigo, MV Ruvuma na MV Njombe, kila moja yenye uwezo wa kubeba tani 1,000. Zilikamilika mwaka 2017. Ikafuata MV Mbeya II, ya abiria 200 na mizigo tani 200, iliyozinduliwa mwaka 2021. Mabamba ya chuma yalishushwa kwenye mchanga wa Itungi na kuingia majini yakiwa meli, na waliofanya mageuzi hayo ni mafundi wa Kitanzania.

Tukae kidogo na mchomeleaji wa meli. Bamba likipata moto hujikunja, na asiyejua aanzie wapi, aruke wapi, kisha arudi wapi, atajikuta na ubavu uliopinda ambao hakuna nyundo itakayounyoosha. Mshono wenyewe hauwekwi mara moja. Huwekwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hugongwa na kusuguliwa mpaka gamba lake litoke, kwa sababu gamba likifunikwa ndani ya mshono ndipo ufa utakapoanzia siku ya dhoruba. Kazi ikiisha, mshono wa meli unaweza kukaguliwa kwa kifaa kinachopitisha ndani ya chuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, na kosa lililofichika hujitokeza kwenye kioo. Na kabla ya yote hayo kuna mchoro, ambao siku hizi huchorwa kwenye kompyuta. Fundi asiyeweza kuusoma atakuwa mshika zana wa mwenzake maisha yake yote.

Mtu wa namna hii hawezi kukatwa nusu mbili, nusu ya mikono na nusu ya kompyuta. Lakini ndivyo tunavyowafanyia vijana wetu. Kijana wa Kyela akimaliza kidato cha nne hukutana na ushauri wa aina mbili. Mmoja unamwambia akasome kompyuta, dunia ni ya kidijitali. Mwingine unamwambia aachane na simu, akatafute ufundi wa kumlisha. Wote wawili wanamtakia mema, na wote wawili wanampotosha, kwa sababu kila mmoja anadhani analinda njia tofauti. Msimamo wangu katika sura hii ni kwamba ujuzi wa kidijitali ufundishwe ndani ya karakana, juu ya meza yenye vumbi la mbao, ukiwa sehemu ya ufundi wenyewe. Ukifundishwa chumba cha pembeni kwa cheti chake cha pembeni, hautaufikia mkono unaoshika randa.

Ushahidi ulio karibu kuliko wote ni mfumo wa ununuzi wa umma. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali nchini zimehamia kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao NeST. Madawati ya shule, milango ya zahanati, hata kazi za mafundi wa ndani wanaojenga madarasa hupita humo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kwenye karatasi, hii ni habari njema sana kwa seremala wa Ipinda. Halmashauri inahitaji madawati, yeye anajua kutengeneza dawati, na sheria imemwekea nafasi.

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba seremala anakwenda steshenari. Kijana wa steshenari anamfungulia akaunti kwa malipo kidogo, anaweka namba ya simu anayoona inafaa, anatunga nywila na kuikariri yeye. Zabuni ikitangazwa, taarifa inamfikia kijana. Bei inajazwa na mtu ambaye hajawahi kuona ubao mbichi ukijipinda baada ya kupigiliwa misumari, ambaye hahesabu gundi wala siku mbili za kusubiri vanishi ikauke katika unyevu wa Kyela. Bei ikiwa juu, zabuni imekwenda kwa mwingine. Ikiwa chini, fundi atatengeneza madawati kwa hasara na shule itapata madawati yanayolegea kabla mwaka haujaisha. Sina neno baya kwa kijana wa steshenari, maana anafanya kazi halali na bila yeye wengi wangebaki nje kabisa. Ninachosema ni kwamba fundi ameachia mtu mwingine sehemu ya kazi yake ambayo ndiyo inayoamua kama atapata faida.

Tugeuze upande wa pili. Yupo kijana mwenye cheti cha kompyuta, anajua kutengeneza jedwali, kujumlisha safu nzima kwa kubonyeza mara moja na kuweka rangi kwenye vichwa vya safu. Jedwali lake ni tupu. Hajui dawati moja linakula futi ngapi za mbao, wala misumari ya inchi ngapi, wala kipande kinachobaki kitatumika wapi. Anatuma maombi ya ukarani kwenye ofisi ambazo hazina nafasi, na anarudi nyumbani Kajunjumele kusaidia kuvuna mpunga. Jedwali lilelile, likijazwa na seremala anayejua anachokihesabu, linakuwa makisio ya zabuni. Somo hilo halihitaji mwaka mzima. Linahitaji mwalimu anayejua vitu vyote viwili, na mwalimu huyo ni adimu kuliko kompyuta.

Kakao inaonyesha jambo hilihili kwa namna nyingine. Kakao nyingi ya Tanzania hutoka Kyela na majirani zake wa Rungwe na Busokelo, na sehemu kubwa yake hulimwa bila kemikali za viwandani. Mapema mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, zaidi ya mara tatu ya ilivyokuwa mwaka mmoja kabla, kwa sababu mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana yalikuwa yameharibika. Mwaka 2025 ikashuka tena. Huku kwetu mkulima hupeleka kakao yake kwenye chama cha msingi, AMCOS kama kila mtu anavyokiita, inahifadhiwa chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na mnada hufanyika kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wanunuzi waliopo mbali wanashindana bila kukanyaga ghala, na mkulima mwenye simu anaweza kuijua bei ya siku ile kabla mlanguzi hajafika uani kwake.

Basi ni rahisi kusema teknolojia imemkomboa mkulima wa kakao. Imemsaidia, na sitaki kulipunguza hilo. Lakini bei ya mnada inasimama juu ya punje, na punje inatengenezwa kwa mikono. Ganda likipasuliwa, mbegu na ute wake mweupe hutiwa kwenye masanduku ya mbao yenye matundu chini, hufunikwa kwa majani ya migomba na kuachwa zichachuke siku tano hadi saba, zikigeuzwa kila baada ya siku moja au mbili. Joto hupanda ndani ya lundo mpaka kukaribia nyuzi 50. Hapo ndipo ladha ya chokoleti huanza kujengeka, na punje isiyochachushwa haitaipata hata ikipelekwa kiwanda gani. Baada ya hapo ni kuianika juu ya vichanja mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 7 hivi. Anayeijua Kyela anajua maana ya kuanika kitu katika wilaya ambayo mvua yake ni miongoni mwa nyingi kuliko zote nchini. Punje iliyokauka nusu huota ukungu ghalani, na ukungu ukiingia, mnada wa mtandaoni utaonyesha kwa haraka sana kwamba kakao yako haina thamani.

Kwa hiyo nyuma ya kila bei nzuri kwenye kioo cha TMX kuna seremala aliyechonga sanduku ambalo halivuji wala halina misumari ya chuma inayogusa mbegu, na kuna fundi aliyejenga kichanja chenye paa la nailoni ngumu linalopitisha jua na kuzuia mvua. Kuna pia mtu wa kukitunza kipima unyevu na kugundua kinapodanganya. Ningependa kuona chuo cha ufundi cha eneo hili kikiwa na kozi ya kakao ambamo mwanafunzi huyohuyo anachonga sanduku, anapima joto la lundo kila asubuhi, anaandika vipimo kwenye simu, na mwisho wa msimu analinganisha mikondo ya joto na bei iliyopatikana. Mwanafunzi huyo atakuwa amejifunza takwimu bila kuambiwa kwamba anasoma takwimu.

Wazo hili si geni katika ufuo huu. Ng'ambo ya mto Songwe, kwenye uwanda wa Khondowe upande ambao leo ni Malawi, Robert Laws wa misheni ya Livingstonia alianzisha mwaka 1894 taasisi iliyofundisha useremala, uashi, uhandisi na uchapaji wa vitabu pamoja na masomo ya darasani. Mwaka 1905 ilikuwa na umeme wa maporomoko ya maji, wakati sehemu kubwa ya miji ya Afrika haikuwa nao. Miaka ileile waya wa telegrafu wa kampuni ya Cecil Rhodes ulikuwa umepita ufuo wa magharibi kuelekea kaskazini, na telegrafu ndiyo iliyokuwa mtandao wa zama zile. Taasisi ya Laws iliwafundisha vijana kuitumia, pamoja na utunzaji wa hesabu. Miongoni mwa wanafunzi walikuwemo Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa wa Kyela kwa lugha na asili. Katika taasisi hiyo alitoka Levi Mumba, ambaye mwaka 1912 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wenyeji wa Nyasa Kaskazini, na mwaka 1944 akawa rais wa kwanza wa Nyasaland African Congress. Akatoka pia Clements Kadalie, aliyekwenda Afrika Kusini na mwaka 1919 akaanzisha chama kikubwa cha wafanyakazi Waafrika.

Wamisionari hawakuwa wakifundisha ili kumkomboa mtu. Walihitaji mafundi wa kujenga makanisa na makarani wa kutunza vitabu, na mipaka waliyomwekea Mwafrika katika kazi na katika kanisa ilikuwa wazi. Pamoja na hayo, kijana aliyepita katika karakana na chumba cha telegrafu ndani ya uzio mmoja aliondoka na kitu ambacho waajiri wake hawakuweza kukidhibiti. Nadhani hatujalifikiria hilo vya kutosha.

Sisi wenyewe upande wa Tanzania tumejaribu kuunganisha shule na kazi zaidi ya mara moja. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenganishe mtoto na kazi. Mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na miaka hiyohiyo vikafunguliwa vituo vya ufundi kwa waliomaliza shule ya msingi. Vingi vya vituo hivyo vilidhoofika kwa kukosa zana. Kijana alifundishwa kupiga randa kwenye ubao wa kuandikia. Mwaka 1994 sheria ikaunda VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeleta mkondo wa amali katika sekondari, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, ambapo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kusoma fani kama uashi, umeme au ufundi magari pamoja na masomo ya kawaida.

Ninaiunga mkono sera hiyo kwa moyo wote, na ninachokihofia kiko kwenye sebule zetu. Kwa miaka mingi mzazi amesema, mtoto akifeli, basi aende hata VETA. Hilo "hata" limeleta madhara makubwa kuliko uhaba wa vifaa. Limejaza karakana watoto walioambiwa kwamba wameshindwa, na limewanyima ufundi watoto wenye akili ya hesabu ambao fani za leo zinawahitaji kwa dharura. Gari aina ya Noah linalopita Kasumulu, mpakani na Malawi, lina kompyuta inayoongoza injini yake. Fundi wa gereji asiye na mashine ya kulipima, au asiyejua kusoma msimbo wa hitilafu, atabadilisha vipuri kimoja baada ya kingine kwa fedha ya mteja mpaka abahatishe. Kuutafsiri msimbo ule kunahitaji kusoma na kufikiri kama somo lolote la fizikia.

Mwaka 2016 VETA na kampuni ya simu ya Airtel zilianzisha VSOMO, programu inayomwezesha mtu kusoma nadharia ya kozi fupi kwenye simu yake, kisha kwenda chuoni kufanya vitendo. Kilichonivutia ni mpangilio wake. Simu imepewa kazi inayoiweza, yaani maelezo, michoro na maswali, na chuo kimebakiwa na kazi ambayo simu haitaiweza, yaani kumsimamia mtu anaposhika waya. Kwa kijana wa Busale anayeuza ndizi mchana, kusoma saa mbili usiku na kwenda chuoni kwa wiki chache tu kunaweza kuwa tofauti kati ya kusoma na kutosoma kabisa. Ugumu unabaki kwenye nauli na malazi ya wiki zile, na kwenye simu janja yenyewe, ambayo katika kaya nyingi ni moja na inamilikiwa na baba. Binti ndiye anayeipata mwisho. Mkongo wa taifa wa mawasiliano umefika mpaka Kasumulu, lakini kutoka mkongo hadi kiganja cha binti huyo kuna safari nyingine ambayo hakuna mkandarasi aliyepewa.

Na kuna ujuzi ambao hauhitaji kufundishwa na mtu wa nje. Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi, na vyungu vyao husafiri kwa mtumbwi hadi Lyulilo karibu na Matema, kisha kwa barabara hadi Mbeya na mbele. Juu ya milima hiyo Wakinga walifua majembe na kuyashusha kwa Wanyakyusa kubadilishana na chakula, muda mrefu kabla ya Mjerumani wa kwanza. Wengi wa wafinyanzi wa Ikombe hawana cheti chochote. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi upo nchini, na VETA hupima na kutoa vyeti kwa waashi, mafundi magari na wapishi waliojifunzia kazini. Wafinyanzi nao wafikiwe, na wapimwe na wafinyanzi wenzao.

Simu itamsaidia mfinyanzi kupiga picha, kupokea oda na kulipwa bila kusubiri siku ya gulio. Haitazuia chungu kuvunjika ndani ya lori. Barabara ya lami ya Kikusya, Ipinda hadi Matema imepunguza vigae kuliko programu yoyote ya simu, na kinachofuata kwenye mnyororo huo ni fundi wa kutengeneza kreti za mbao zinazomeza mtikisiko. Ninaitaja kreti kwa makusudi. Biashara ya mtandaoni ya vyungu vya Ikombe itaanza siku seremala atakapoketi na mfinyanzi wakapima pamoja mdomo na tumbo la chungu.

Niishie kwa wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili. Zamani walibeba karabai usiku. Sasa wengi wanatumia taa za LED zinazoendeshwa na betri, na betri huchajiwa kwa sola au umeme wa nchi kavu. Taa hizi hufa kwa maji yanayopenya, kwa waya uliounguzwa na betri isiyolingana nayo, kwa kidhibiti chaji cha bei rahisi. Mvuvi hununua nyingine, na ile iliyokufa hutupwa na betri yake yenye risasi. Kozi ya kutengeneza taa hizi ingehitaji mita ya kupimia umeme, kifaa cha kulehemu, gundi ya kuzuia maji, na simu mbili tatu za kusomea michoro na kuagizia vipuri Mbeya au Dar es Salaam. Ifanyike Matema, si mjini Kyela, ili mvuvi asilipe nauli. Isiwekwe Aprili, wakati mafuriko yamekata njia na kila mkono uko shambani. Na ipangwe kwa siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi mpevu ukiangaza ziwa usipa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na vijana wanaowavua wako huru mchana kutwa.